Dakika Kumi na Moja

Saa kumi alfajiri, Oulu ingali gizani,
naanza na daraja, kisha ukingo wa mto.
Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Kahawa yangu imeshaota ngozi ya barafu
kabla sijafunga mlango wa greda.

Kanuni naijua kama jina la mama:
njia ya baiskeli iwe imesafishwa
kabla ya saa moja asubuhi, msimu wote wa theluji.
Haisemi theluji iende wapi.
Inasema tu isiwepo.

Na mimi ni hodari, waulizeni.
Walimu, wauguzi, watoto wenye taa kwenye kofia
hupita nyuma yangu kama wanateleza juu ya meza.
Miaka kumi na tisa sikuwahi kuchelewa,
hata asubuhi ile mke wangu alipojifungua.
Hilo silitaji kwa fahari.

Barua ilikuja Januari, imeandikwa kwa mkono.
Lempi Väyrynen, wa mtaa wa Tuira.
Aliniita "Bwana Greda".

"Jumanne basi lilipiga goti kituoni kwangu.
Mlango ukafunguka, ubao ukatoka
kama ulimi wa mtoto mbele ya daktari,
ukagusa ukuta.
Ukuta wa theluji, wa kufika kiunoni,
mgumu, umenyooka vizuri. Kazi yako.
Dereva ana kanuni yake: asiache usukani.
Abiria walitazama saa zao, si mimi.
Nikapelekwa kituo cha pili. Ukuta.
Cha tatu. Ukuta.
Cha nne kiko hospitali, ambako lami hupashwa moto kwa chini;
nikashushwa pale, mzima wa afya,
na mkate wangu mapajani.
Nilirudi kwa njia yako ya baiskeli,
kilomita mbili na nusu, magurudumu hayakutikisika hata mara moja.
Ndiyo barabara nzuri kuliko zote mjini.
Nimepigiwa kengele mara tisa.
Kanuni inasema nisiwemo humo.
Nakuandikia kukushukuru na kukushtaki;
anza na lolote."

Niliipeleka ofisini.
Mabasi yana idara yao, ghorofa ya tatu.
Njia ya baiskeli ni yetu, ghorofa ya kwanza.
Kibanda, benchi na orodha ya nyakati
ni mali ya kampuni iliyoshinda zabuni.
Ile mita moja na nusu iliyo katikati
haina ghorofa.
Bwana Heiskanen alinichorea kwa penseli,
akafuta, akachora tena,
akaniuliza kama nimekunywa chai.

Husemwa sheria ni msumeno,
hukata mbele, hukata nyuma.
Bapa langu hukata mbele tu.
Kilichokatwa humwagikia kuume,
na kuume ndiko vituo viliko.

Basi nikanunua beleshi, kwa pesa yangu.
Njiani mwangu kuna vituo ishirini na saba.
Nafanya kimoja. Sitadanganya.
Nazima injini, nashuka, nachimba
upana wa mlango na upana wa kiti,
na shombo la dizeli hunifuata hadi kibandani.
Dakika kumi na moja, kama mgongo umekubali.

Barua ya pili ilipigwa chapa.
Njia ilikamilika saa moja na dakika kumi na moja.
Onyo la kwanza.
Nimezichomeka zote mbili juu ya kioo,
hugongana greda ikipita kwenye reli.

Sijawahi kumwona Lempi.
Basi linapopiga goti pale mimi niko mbali, ng'ambo ya mto,
nakimbizana na waendesha baiskeli.
Ila juzi theluji changa ilianguka baada ya kazi,
nikapita pale kwa miguu, natafuta glavu yangu.
Mistari miwili ilitoka kituoni, ikavuka pengo langu,
ikafika kando ya watembea kwa miguu, ambako hakuna anayefyeka,
ikasita, ikazunguka kidogo,
ikaingia njia ya baiskeli.
Nyuma yake mstari mmoja mwembamba, wa haraka,
umenyooka, umenyooka,
kisha umepinda kumpisha.

Glavu sikuipata.